Jina Alilolificha Mpishi wa Akika

Wiki iliyopita, saa ya chai ya asubuhi, kipaza sauti cha msikiti wa mtaani kwetu hapa Kilwa Masoko kilikwaruza kidogo kisha kikatangaza kwamba mpishi wetu hatunaye tena. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nilikuwa na kitumbua mkononi, nikakirudisha kwenye sahani. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamjua mzee huyu, maana nimemwandika humu mara nyingi bila kumtaja. Ndiye yule mpishi wa shughuli aliyekuwa akijua kila jina la pwani hii limetoka wapi na kwa nini mtoto fulani alipewa. Leo nilitakiwa kumlilia tu, na kumlilia nitamlilia, maana alikuwa mtu wangu. Lakini niseme mapema ili msije mkashangaa mbele ya safari: namlilia huku nimekasirika. Mzee huyu alinihadaa, na aliyelipia hadaa hiyo ni mwanangu.

Alipika harusi, hitima na maulidi, lakini kazi aliyoipenda ni akika. Kwetu mtoto akifikisha siku saba hunyolewa nywele, huchinjiwa mbuzi, majirani huitwa kula pilau na jina hutangazwa. Mbuzi wa akika hakatwi ovyo. Mifupa yake haivunjwi, nyama hutenganishwa kwenye viungo, na kwa kazi hiyo mikono ya mzee yule ilikuwa na utulivu ambao sijauona kwa mpishi mwingine. Alifika mapema, akapanga mafiga mwenyewe, akakaanga vitunguu mpaka vikawa vyekundu na mtaa mzima ukajua leo kuna nyumba ina furaha. Halafu, maji yanachemka na mchele umeshaoshwa unangoja kwenye beseni, aliweka mwiko chini, akajifuta jasho kwa kanga iliyokuwa begani, akawaita wazazi. "Mtoto nani?" Akitajiwa jina, aliuliza tena, "Mmempa kwa nini?" Mchele hautiwi mpaka ajibiwe. Mwenye shughuli angeweza kuwa tajiri wa mji au mvuvi wa Kisiwani aliyevuka na mbuzi wake kwenye boti, wote aliwasimamisha palepale kwenye moshi.

Nakumbuka akika ya kijana mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kijana alikuja jikoni na kanzu mpya, akajibu kwa kujiamini kwamba mtoto wamempa jina la kisasa, wameliona kwenye simu. Mzee akauliza maana yake. "Zuri tu, mzee, linasikika vizuri," akasema kijana. Mzee akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akakunja mikono. "Basi iambieni hiyo simu ije itie mchele." Tulicheka mpaka wageni wa ukumbini wakachungulia. Maji yakaendelea kuchemka, njaa ikaanza kuuma, masheikh wakaanza kutazama saa. Aliyetuokoa ni bibi wa mtoto, aliyetoka ndani akifunga kanga vizuri na kusema, "Mimi nilishakata tamaa ya kuona mjukuu. Sikudhani. Mwiteni hivyo, Sikudhani, watu wapate kula." Mzee akainuka, akatia mchele. Mtoto yule cheti chake kina jina la simu, lakini nenda nyumbani kwao leo ukasikie anaitwaje.

Kwake yeye jina lilikuwa habari ya nyumba. Ukimkuta Semeni, alisema, jua mama yake alisemwa sana na majirani, akajifungua, akawaambia haya sasa, semeni. Ukimkuta Havintishi, jua kulikuwa na ukewenza na vitisho vyake. Mashaka alizaliwa baba hana kazi, Chausiku alikuja usiku mkunga akiwa amelala. Hata Wakatoliki wa Kipatimu walipomwita kupika kwenye ubatizo, alipanda milima ile kwenye barabara mbovu, akala vumbi, na akifika akawauliza, "La mtakatifu nimelisikia. La bibi yake je?" Nilikuwa nikitoka jikoni kwake nanukia moshi, nakaa chini kuwaandikia ninyi. Makala zangu nyingi mlizozisifu kuhusu kuenzi majina ya wazee zilitoka mdomoni mwake. Mliniandikia kunishukuru, nami nikampelekea salamu zenu, naye akazipokea kwa kichwa kilichoinama, kama mtu mnyenyekevu.

Sasa niwaambie lile ambalo sikuwahi kuliandika. Mimi na mke wangu tulizika watoto wawili wachanga kabla ya kumpata binti yetu. Alipozaliwa, mke wangu alikuwa ameshamchagulia jina, Nasra, kwa sababu alimwona kuwa ni nusra kutoka kwa Mungu. Siku ya akika mzee alitia vitunguu mafutani, akaniita nyuma ya banda la kuku. "Mwanangu," akasema, "jina zuri linaita macho. Wale wawili mliwapa majina mazuri, na mmeona. Huyu mwiteni Sikitu. Kifo kikipita kikauliza nani huyo mmemkumbatia, mtakijibu si kitu, kitakwenda zake. Wazee walifanya hivyo na watoto wakakaa." Nilimwamini. Atakayenicheka na aanze kwa kuzika wawili kwanza, ndipo anicheke. Nilirudi ndani nikamwambia mke wangu. Alimvuta mtoto karibu na kifua, akamfunika shuka, akasema tu, "Ukishasema wewe, mimi niseme nini?" Jina likatangazwa, mchele ukatiwa, pilau likaliwa. Na mtoto akakaa, alhamdulillahi.

Akakaa, lakini kukaa na jina lile si mchezo. Shule ya msingi mwalimu akiita majina darasa zima linageuka. Sekondari, bwenini, wenzake walimtungia nyimbo ambazo hakuwahi kukubali kuniimbia. Sasa anafanya kazi kwenye duka la dawa Dar es Salaam, na kazini huvaa kibandiko cha jina kifuani. Mteja anasoma, anamtazama usoni, anasoma tena. Wengine wanamwonea huruma, na huruma hiyo, aliniambia, inauma kuliko kicheko. Mwaka huu amepata mchumba, kijana mstaarabu. Mama wa kijana alipotajiwa jina la mkwe aliuliza kama hilo ni jina au ni tusi. Basi Idi iliyopita binti yangu alikuja nyumbani, akasubiri mpaka tumeshakula, akaniomba radhi aende kwa wakili akaape kiapo cha kubadili jina kabla kadi za harusi hazijachapwa.

Nilikataa. Nilimwambia jina lile ndilo lililomweka hai, na mimi nikiwa ni yule mwandishi wa kuenzi majina, watu wangesemaje? Alipozidi kulia nikafanya nililoona ni busara: nikampeleka kwa mpishi. Tulimkuta uani kwake amekaa kwenye mkeka, anamenya vitunguu vya shughuli ya kesho yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Sikitu, mjukuu wangu. Nasikia umeshaposwa. Sufuria la harusi yako nalipika mwenyewe, hata wakileta mpishi kutoka Dar nitamfukuza."

"Babu, nataka kubadili jina."

Mzee hakuinua macho. Alimaliza kitunguu alichokishika, akachukua kingine. "Jina halina kifungo, mjukuu wangu, ukalifungua ukalivua kama gauni," akasema. "Ulipewa ukiwa huna hata jino. Likikuuma, libebe. Anayelitupa jina kamtupa aliyempa. Watu wa kulitupa wapo, wengi tu, lakini usiwe wao."

Binti yangu alilia palepale, na kama ni kwa vitunguu au kwa maneno, sikutaka kujua. Aliporudi Dar alinitumia ujumbe mfupi: kadi zimeagizwa, jina ni lilelile. Nilimwonyesha mke wangu ujumbe ule kwa fahari. Aliusoma, akanirudishia simu, akaenda kuanua nguo.

Turudi kwenye msiba. Tulimzika baada ya alasiri, na watu walijaa kama ilivyostahili, maana ni nani hapa Masoko hakula chakula cha mkono ule? Baada ya kufukia, mwalimu wa madrasa alichuchumaa upande wa kichwani asome talkini. Kwa wasomaji wasioijua desturi hii, talkini ni maneno anayosomewa maiti kaburini kumkumbusha majibu ya maswali atakayoulizwa huko aliko, na anayeisoma humwita maiti kwa jina lake na la mama yake. Mwalimu akageuza kichwa, akauliza marehemu anaitwa nani na mama yake nani. Mtoto wake mkubwa akajibu kwa lile jina zuri tulilomjua nalo sote, lililotangazwa msikitini. Ndipo mzee mmoja mwembamba, shati limejaa vumbi la barabara, akasukuma watu akapita mbele.

"Mwalimu, subiri," akasema. "Mimi mdogo wake, nimefika sasa hivi kutoka Mitole. Ukimwita hivyo hataitika."

Mtoto wa marehemu akamwambia, "Baba mdogo, tafadhali, si mahali pake."

"Kama si hapa ni wapi tena?" akajibu yule mzee. "Mnamwita mtu wasiyemjua huko aendako. Mama yetu alimwita Jalala. Jalala ndilo jina lake, na mimi nalijua kwa sababu nililia nalo utotoni, nikimfuata nyuma."

Nyuma yangu mtu akacheka, akajikohoza kuficha. Mtoto wa marehemu akang'aka, akasema baba yake hakuwahi kuitwa hivyo, wala hapendi kusikia tena. Walikaribia kushikana mashati juu ya udongo mbichi. Mwalimu hakuinuka. Alinyanyua mkono mmoja, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi namwita kwa jina alilopewa na mama yake. Huku juu mtamwita mnavyotaka." Kisha akainama akamwita, Jalala mwana wa fulani, akataja jina la mama. Watu wote waliinamisha vichwa. Mimi nilikuwa nikisikia sauti ya kisu kwenye vitunguu, na binti yangu analia.

Nyumbani kwa matanga nilimtafuta yule mdogo mtu. Alikuwa amekaa ukingoni mwa jamvi na sahani ya wali haijaguswa. Baada ya pole na dua nilimuuliza, na hakunificha. Mama yao alizika watoto mfululizo. Huyu alipozaliwa wakamchukua kwa hila, wakampeleka jalalani, wakamlaza juu ya jani la mgomba pale penye maganda ya mihogo. Jirani akajifanya anapita, akamwokota, akamrudishia mama kama mtu anayemletea mtoto wa watu. Akaitwa Jalala, ili kifo kimdharau. "Na kikamdharau," akasema. "Sisi wote tuliomfuata tukakaa. Kila mmoja wetu anakula na kupumua kwa ajili ya jina lile. Mama alikuwa akimwita kwa raha, bwana, usidhani. Akimwita kutoka shambani, utasema anaita mtoto wa sultani."

"Sasa aliliachia wapi?"

"Lindi. Alikwenda kijana kutafuta kazi, akapata mgahawa. Mwenye mgahawa akamuuliza jina, akamtajia. Yule bwana akamwambia, wewe mpishi, mteja akisikia chakula kimepikwa na Jalala atakula? Akampa jina la marehemu baba yake mwenyewe. Kaka akalichukua. Aliporudi Mitole mama akamwita, akamwambia mama usiniite hivyo tena, nina jina. Mama hakumwita kwa jina lolote toka siku ile. Akimtaka alikuwa anasema, wewe. Mpaka anakufa."

Nimelifikiria jambo hili siku zote hizi, na nataka nimtendee haki hata nikiwa na hasira. Namwelewa kijana yule wa Lindi. Mpishi mwenye jina la jalala, kweli ni nani angeonja? Nimejiuliza mwenyewe kama ningekula, na sina hakika ya jibu. Alikuwa na njaa, akapewa jina pamoja na kazi. Angekuja kwangu siku moja tu, nyuma ya banda la kuku au popote, akaniambia, mwanangu, na mimi nilipewa la namna hii, nikashindwa, ningemkumbatia. Ningewaandikia ninyi makala nzuri kuliko zote. Hakufanya hivyo. Nguo iliyomwasha akaivua, akaikunja vizuri, akamvisha mwanangu. Na mwanangu alipolia kwamba inawasha, akamwambia asithubutu kuivua. Hapo ndipo ninapokwama. Tena alisema kwa sauti ya upole, kisu mkononi, bila kusita, na mimi nimekaa pembeni natikisa kichwa kukubali kama mjinga.

Na nikimtazama yeye nawaona wengi. Tunao wanaosifu jembe kwenye mikutano na watoto wao hawajawahi kulishika. Tunao wanaotuhimiza tutibiwe kwa mitishamba ya babu zetu, wao wakiumwa kichwa wanakimbilia hospitali kubwa za mjini. Tunao wanaotetea mila ya mwali kukaa ndani, na mabinti zao wako vyuoni mbali. Mila tamu ni ile iliyobebwa na mgongo wa mtu mwingine. Simsemi kwa sababu alikuwa mpishi na mimi mwandishi. Nafasi yangu humu gazetini imejaa maneno yake, na wengine wenu mliwapa watoto wenu majina kwa ajili ya maneno hayo. Wapo akina Tabu na akina Shida wanaokua sasa hivi huko Kivinje na Lindi kwa sababu ya safu hii. Tulihadaiwa pamoja.

Jana nilimpigia binti yangu, mke wangu amekaa karibu anachambua mchele. Nilimweleza yote, kuanzia kaburini mpaka mgahawani.

"Baba."

"Nipo, mama."

"Kwa hiyo alikuwa anajua linavyouma." Sauti yake haikuwa ya kilio, na ningependa ingekuwa ya kilio. "Watu wote walioniambia nivumilie, nilisema hawajui. Yeye alikuwa anajua, baba. Akaniambia nilibebe."

Nikamwambia aende kwa wakili, radhi zangu anazo, kadi zitachapwa nyingine. Akauliza ajiite nani. Kabla sijafungua mdomo mke wangu aliweka ungo chini, akaichukua simu mkononi mwangu, akaiweka sikioni. "Nasra," akasema. Tangu siku ile ya akika sikuwahi kumsikia akilitamka. Hakulisema kwa kujaribu. Alilisema kama mtu ambaye amekuwa akiliita kila siku kimoyomoyo. Na nilimsikia binti yangu, upande wa pili, akiitika bila kuchelewa, "Abee, mama."

Mungu amrehemu mpishi wetu. Jina lile zuri alilopewa mgahawani sikuliandika humu, kwa sababu halikuwa lake, na lake nimeliandika kwa kuwa mama yake alilipenda. Kumsamehe bado, nikifika huko nitawaambia, au pengine sitawaambia. Wala siyafuti niliyowaandikia kuhusu majina ya wazee wetu. Yana maana, yana historia, na mengine yaliwekwa kati ya mtoto na kaburi na watu waliokuwa hawana silaha nyingine. Ila ongezeni hili, mlikate mlibandike ukutani karibu na kitanda cha mtoto. Atakayekuja na ushauri wa jina la kumpa mwanao, awe sheikh, awe padri, awe mpishi wa akika au mwandishi wa magazeti, usimkaribishe pilau kwanza. Muulize yeye mwenyewe mama yake alimwita nani, na kama bado anaitika.